Siku Nne za Bi Kipimo

Kiwandani walimwita Bi Kipimo, maana hakuna kitu kilichotoka pale bila kupita mikononi mwake. Miaka kumi na tisa alikagua pampu za maji. Wenzake walimtania kwamba hata mumewe alimpima kwanza ndipo akakubali kuolewa.

Kisha nchi jirani zikaanza kununua silaha mpya, na serikali nayo ikasema haitalala usingizi wa pono. Kiwanda kikageuzwa, kikawa cha makombora ya mizinga. Kila Ijumaa malori ya jeshi yalisubiri getini, injini zikiunguruma.

Ijumaa moja msimamizi alimsukumia makasha sita. "Gonga mihuri, dada. Malori yanaondoka."

"Haya sijayapima."

"Ya jana mazima, ya juzi mazima. Ya leo yana nini?"

Miguu ilimuuma, na mtu amemsimamia kichwani. Akagonga yote sita.

Wiki iliyofuata redio ikatangaza: kombora limepasukia ndani ya mzinga mazoezini, askari kapoteza mkono. Jeshi likasema ni uzembe wake mwenyewe.

Mumewe alitikisa kichwa. "Vijana wa siku hizi hawako makini."

"Labda," akajibu, akaizima redio.

Kesho yake barua ya jeshi ilifika kiwandani. Namba ya kasha lililotoa kombora lile ilikuwa ya Ijumaa ile. Alinyamaza siku nne, anapika, anafua, anacheka wanapocheka wengine. Siku ya tano akaenda kwa wapelelezi wa jeshi, akasema yote.

Msimamizi alifukuzwa, yeye akashushwa kuwa mfagiaji wa karakana, askari akasafishwa jina. Ndipo Bi Kipimo akaenda nyumbani kwa askari kuomba radhi.

Kijana alimsikiliza hadi mwisho, mkono mmoja wa shati ukining'inia mtupu. "Shangazi, jambo hili ulikaa nalo siku ngapi?"

"Nne."

"Mkono ningekusamehe. Kazini mtu hukosea. Lakini siku hizo nne mama hakutoka nje. Watu walimwambia amezaa mzembe."

Mama mwenyewe alikuwa akimmiminia mgeni chai. Bi Kipimo alikishika kikombe kwa mikono miwili, macho sakafuni. Alitaka kusema kwamba aliogopa, akaona hata hilo ni kujitetea. Chai ikapoa. Akainuka, akaaga kwa sauti isiyosikika, na njia nzima alipishana na watu bila kumtazama yeyote usoni.