Tumbaku ya Posa Yangu

Baba yangu ni afisa wa afya ya umma hapa Isiolo, na kama umewahi kuwasha sigara karibu na soko la mifugo, basi mmeshakutana. Ni yule mzee mrefu mwenye filimbi. Filimbi hiyo hakupewa na serikali. Alijinunulia mwenyewe, na anaipuliza kama refa aliyeona penalti. Ukigeuka kuangalia nani amekosa, unamkuta ameshasimama mbele yako, mkono ameunyoosha, anangoja hiyo sigara yako.

Vijana walikuwa wanajibizana naye. "Mzee, si mapafu ni yangu?" Naye anawaambia, "Mapafu ni yako, sikatai. Na moshi? Umeufunga kamba?" Kijana akifungua mdomo, Baba huyoo, ameshaenda na sigara.

Pale pembeni mwa soko palijengwa kibanda cha wavutaji, chenye paa na benchi, ili mtu avute kwa uhuru wake bila kumsumbua mwingine. Mbuzi wakakiona kabla ya wavutaji. Jua la Isiolo si la mchezo, na mbuzi si wajinga. Wakaingia, wakalala, wakakataa kutoka. Wavutaji wakawa wanavutia nje juani, wamewazunguka mbuzi waliopumzika kivulini, na Baba anawapulizia filimbi kwa sababu wako nje ya kibanda. Siku moja alimpulizia beberu, eti anazuia sheria kufanya kazi. Sisemi uongo, nilikuwepo na niliona aibu.

Lakini vita vyake vikubwa vilikuwa nyumbani, kwa Akko. Akko ni nyanya kwa Kiborana, na huyu wetu ndiye mama yake Baba. Anatafuna tumbaku tangu kabla Baba hajazaliwa, na kando yake kuna mkebe wa maziwa ya unga wa kutemea mate.

"Mama, hiyo kitu itakuua," Baba anamwambia.

"Lini?" Akko anauliza. "Niambie siku nijitayarishe."

"Ni sumu!"

"Wewe nilikuzaa nikitafuna. Una kasoro gani? Labda hiyo filimbi."

Baba akapitisha sheria: chini ya paa lake hakuna kutafuna. Akko akavuta kigoda chake mpaka mlangoni, akakaa miguu ndani, kichwa nje. "Mdomo uko nje," akasema. "Haya, piga filimbi." Baba akazunguka nyumba nzima akiongea peke yake. Sisi tulishazoea, tukaendelea kuchambua mchele.

Sasa, mimi nikapenda. Nikampenda kijana wa Merti anayeendesha pikapu, analeta mbuzi sokoni na kurudi na unga na sukari za maduka. Tulikutana siku nilipompelekea Baba chakula cha mchana, nikamkuta kijana amesimama ameinamisha kichwa, anafundishwa habari za koo na mapafu kwa mara ya sijui ngapi. Kwanza nilimhurumia, halafu nikampenda, kwa mpangilio huo huo. Na kwa ajili yangu akaacha sigara. Aliteseka, maskini. Siku nzima ana mswaki wa mti mdomoni, na mandazi alikula mpaka mashati yakambana tumboni. Hata hivyo Baba hakumwamini. Kijana akitoa salaam aleikum, Baba anaitikia vizuri kabisa huku anamnusa kola ya shati.

Tatizo halikuwa kola. Kwetu Waborana posa haiji na maneno matupu, na haiji na sukari peke yake. Inakuja na tumbaku na buni, vimefungwa pamoja. Baba wa msichana akiipokea tumbaku kwa mkono wake, msichana ametolewa. Ikirudi ilikotoka, amekataliwa, na watu wa ukoo ule hawabishi hodi tena. Hakuna rufaa.

"Tumbaku haiingii nyumba hii," Baba akatangaza, "hata iletwe na nani."

"Basi na msichana hatoki nyumba hii," Akko akasema kutoka mlangoni. "Posa bila tumbaku ni matembezi tu. Watu wamekuja, wamekunywa chai, wameenda."

Nilikasirika, wacha nikwambie. Mmoja anatetea mapafu ya kaunti nzima, mwingine anatetea shavu lake, na mimi katikati naona miaka inapita. Wenzangu niliosoma nao wana watoto wanaovunja vikombe, na mimi nina kikombe kimoja, kizima. Nililia jikoni mpaka Mama akaninyang'anya kitunguu akidhani ndicho kinanitoa machozi.

Mchumba wangu akamwangukia ami yake, mzee wa Merti ambaye ndiye angekuja kumsemea kwetu. Akamsihi alete sukari, majani ya chai na tende, basi. Tumbaku asiiguse, Akko tutambembeleza baadaye. Ami akasema sawa, amesikia. Tukashukuru Mungu.

Wakaja alasiri, baada ya swala. Mchumba alibaki nje kwenye pikapu, kwa sababu muoaji hakai kwenye mazungumzo yake mwenyewe. Wazee walikaa sebuleni kwenye mikeka, Baba amekaa mbele yao na kanzu safi, filimbi shingoni. Mama alikuwa amemwomba aivue. Alisema hiyo ni sehemu ya mwili. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni na sinia la chai, nachungulia.

Ami akaongea. Aliongea juu ya mvua, akaongea juu ya bei ya ng'ombe, akailaumu barabara ya Merti kila shimo na jina lake. Kisha akavuta gunia la sukari katikati. Kila kitu kilikuwa kinaenda vizuri mpaka Akko akainua pua.

"Nasikia harufu ya watu wenye adabu," akasema.

Ami akaingiza mkono ndani ya sukari mpaka kwenye kiwiko, akatoa kifurushi cha kitambaa cheupe, akakipangusa. "Mzee, utatusamehe," akamwambia Baba. "Huyu kijana alitukataza. Lakini sisi tumekuja kuomba mtoto, hatukuja kumtazama mgonjwa." Akamnyooshea kwa mikono miwili.

Baba hakusogea. Ami alikuwa mzee kweli, mikono ikaanza kuchoka, na kifurushi kikawa kinashuka nayo kidogo kidogo. Wazee wengine waliangalia mikeka. Nikajua ndoa imeniponyoka, nitazeekea hapa hapa.

Sijui ami aliwaza nini. Labda alidhani Baba anashuku ubora wa mali. Akakifungua kile kifurushi, akachota tumbaku kidogo, akasema, "Ni nzuri, angalia," na akaitia shavuni mwake.

Prrriiiii!

Filimbi ilipigwa sebuleni mpaka kuku wakaruka uani. Baba alisimama, mkono ukatoka kama ulivyozoea kutoka, na kabla mtu hajapepesa macho kile kifurushi kilikuwa kwake. "Hapa hakuna tumbaku!" akafoka. "Nimeikamata!"

Akko akapiga vigelegele.

"Amepokea!" akapaza sauti. "Mwanangu amepokea!"

"Sijapokea! Nimekamata!"

"Umeishika kwa mkono gani?"

Baba akauangalia mkono wake. "Huu."

"Wa kulia," Akko akawaambia wazee. "Amepokea vizuri kabisa."

"Hiki ni kidhibiti, Mama!"

"Wewe kiite unavyotaka, mkwe," ami akasema, shavu limejaa, mate yanamsumbua na hajui atatemea wapi.

Wazee walikuwa wameshaanza kucheka, lakini Akko hakucheka. Akasema taratibu, "Kama hujapokea, irudishe. Mwenyewe huyu hapa, na mikono yake hii hapa. Mrudishie, waende."

Ami akanyoosha mikono. Hakuna aliyecheka tena. Mimi sijui nilipitaje pazia, lakini nilijikuta sebuleni mbele ya wazee, jambo ambalo msichana anayeposwa hafanyi, sinia mkononi na machozi mpaka kidevuni. Baba aliniangalia. Aliangalia kile kifurushi. Akaniangalia tena.

"Ameacha kweli?" akaniuliza.

"Ameacha, Baba."

"Mandazi ndiyo anakula?"

"Anakula sana."

Akamgeukia ami, akajinyoosha kwa ule urefu wake wote, sauti ya kazini. "Mzee, utanisamehe. Kitu kikishakamatwa hakirudishwi. Ndiyo sheria."

Nyumba ikalipuka. Dua ikaombwa, watu wakaitikia amin, Mama akanikumbatia na sinia likaanguka, vikombe vyote chali. Ami alikimbilia mkebe wa Akko. Mtu akatoka kumwambia mchumba wangu, na pikapu ikapigwa honi mpaka majirani wakaja kuuliza nani amekufa.

Baba alikaa chini na kifurushi chake mapajani, na hakukiachia alasiri yote. Akko alijaribu kukichomoa, akapigwa mkono. Wageni walipoondoka niliingia kuokota vipande vya vikombe, nikamkuta bado amekishika, anakitazama, macho mekundu yanachuruzika.

"Baba, una nini?"

"Hii tumbaku," akasema, akijifuta kwa mkono wa kanzu. "Unaona vile inaharibu macho? Na nimewaambia watu miaka yote."