Tovuti iliyopakwa kwa brashi

Saa moja na nusu asubuhi, nje ya duka la rangi mjini Tabora, Veridiana Nijimbere yuko juu ya ngazi, brashi mkononi. Anaandika jina la duka kwa herufi nyekundu. Hapimi kwa rula. Amevuta uzi mmoja wenye chaki ukutani, basi, mengine anayaachia macho.

Ni kazi yake ya kwanza baada ya miezi minne. Zamani, anasema, mwezi haukuisha bila mabango kumi na mawili. Siku hizi akipata mawili anashukuru, maana mashine za kuchapa mabango ya plastiki zimeingia mjini, na bango linalomchukua siku mbili zenyewe hulitoa kwa dakika chache.

"Sigombani na mashine," anasema huku akifuta brashi kwa kitambaa. "Ila mkono ninao, na watu hawajui kama bado nipo."

Veridiana, 43, alizaliwa Ulyankulu katika familia ya wakulima wenye asili ya Burundi. Alianza kwa kuandika ratiba za misa kwenye ubao wa kanisa. Paroko akaipenda hati yake, na jembe akaliaga.

Mwaka huu kaka yake Dismasi, mkulima wa tumbaku Urambo anayemsaidia kodi ya chumba, alimpa sharti. Asipopata kazi tano kabla ya mvua za kwanza, arudi shambani.

"Nikamwambia subiri, natengeneza tovuti," anasema. "Alicheka mpaka akakaa chini."

Acheke asicheke, dada mtu aliingia kazini, tena kwa namna anayoijua yeye. Alikata hadibodi nne, akazipaka nyeupe, kila moja ikawa ukurasa: mwanzo, kazi zangu, bei, mawasiliano. Akazitundika kwenye ukuta wa uani na kuwaita majirani wapite mmoja mmoja, naye akiangalia macho yao yanakwama wapi. Ukurasa wa bei aliurudia mara tatu.

Kisha akazipiga picha kwa simu na kuzipandisha mtandaoni. Tovuti ilipendeza kweli. Miezi miwili ikapita, hakuna aliyepiga simu.

Aliyegundua kasoro ni Kalpesh, mwenye duka hili la rangi. Veridiana alikwenda kununua tapentaini, akamwonyesha tovuti yake. Kalpesh akamtafuta mtandaoni kwa jina, kwa kazi, kwa mji. Hola. Akagusa namba ya simu kwenye ukurasa, haikupiga.

"Dada Veri, hii yote ni picha," alimwambia. "Mtandao unatafuta maneno yaliyochapwa. Wewe umeupelekea ukuta."

Anakiri kwamba ilimuuma. "Maisha yangu yote nimeandika kwa mkono. Haikunijia kwamba kuna msomaji asiyeweza kuzisoma herufi zangu."

Wiki ileile alikaa dukani kwa Kalpesh, akachapa upya kila neno kwa kidole kimoja. Kitu kimoja alikataa kukigusa: jina lake juu ya ukurasa wa kwanza. Hilo lilibaki kama lilivyotoka kwenye brashi.

Siku ya kumi na moja simu iliita. Mpigaji, Dafrosa, ana mgahawa Bukene, na alikuwa ametafuta mtandaoni mwandishi wa mabango Tabora.

"Hayo maandishi ya jina lako, ni ya kompyuta gani?" aliuliza. "Wachapaji wa huku wanasema hawana."

"Ni ya mkono, mama."

"Basi njoo na huo mkono."

Ijumaa hii Veridiana anapanda treni kwenda Bukene na makopo sita ya rangi. Hadibodi ya tano imeshapakwa nyeupe na kutundikwa uani, ikingoja picha za mgahawa huo. Kalpesh ni kazi ya kwanza, Dafrosa ya pili. Bado tatu.

Kabla ya kurudi juu ya ngazi anaangalia mawingu upande wa Urambo.

"Mtoto wa mkulima hasemi hivi," anasema, "lakini mwaka huu namwomba Mungu mvua ichelewe kidogo."