Kikapu Kisichotazamwa

Subira sikuumbiwa. Mume wangu alinitoa kando ya ziwa akanileta Kericho kwenye mashamba ya chai, na kabla mwaka haujaisha nyapara alikuwa ameshanikabidhi wachumaji wapya niwafundishe, eti kwa kuwa sauti yangu ilifika hadi bondeni.

Kati yao alikuwepo msichana wa Kikipsigis kutoka upande wa Boito. Alishika mimba kabla ya kutahiriwa, na kwao hilo halikuwa na msamaha. Mtoto hakuishi. Yeye mwenyewe akakatazwa kutazama ndani ya ghala la nafaka, maana jicho lake, walisema, lingeozesha chakula cha watu. Hakuna nyumba iliyomtaka. Kazi ya chai ndiyo iliyobaki, na nyapara alimpa hadi Jumamosi: akishindwa, aondoke.

Kuchuma alijua. Vidole vilikwenda mbio, majani mawili na chipukizi, anatupia kikapuni mgongoni bila kugeuka. Lakini kwenye mizani kila mchumaji humwaga majani yake na kuondoa yale magumu. Yeye alimwaga huku amegeuza uso, akapapasa kama kipofu. Magumu yakabaki. Karani akafoka kwamba anatudanganya.

Ijumaa jioni nilishindwa kukaa, nikashindwa kusimama. Mvua ilikuwa inakuja kutoka msituni, gari la ng'ombe linangoja mzigo, na huyu binti ananitazama tu.

"Angalia ndani!" nikampigia kelele.

"Mama, siwezi. Nitaharipu chakula ya watu."

Hasira zikanipanda, maneno yakatoka kabla sijayapima. "Chakula gani? Umeona nani ameshiba majani ya chai? Hata mbuzi hawayataki! Mzungu anayachemsha, anakunywa yale maji, majani anamwaga."

Akafikiri. "Anamwaga?"

"Anamwaga!"

Akainama juu ya kikapu akatazama. Akaanza kutoa yale magumu, moja baada ya jingine, upesi. Karani akapima, akaandika. Nilifurahi karibu nilie. Jioni ile nilitamba kambi nzima kwamba nimemponya kwa mdomo wangu. Mume wangu akasema kama mdomo huo ni dawa, yeye angekuwa amepona zamani.

Jumamosi kazi akapewa, na mchana posho ikagawiwa. Nikamwona mstarini amefungua mfuko wake wa kwanza amiminiwe unga, uso ameugeuzia ukuta. Nusu ya unga ilikuwa inamwagika chini na watu wanacheka. Nikamwendea mbio.

"Angalia, wewe! Jana si uliangalia?"

"Mama," akasema polepole, "hii ni chakula."

Mimi, mwenye sauti ya kufika bondeni, nikainama kando yake. Nikaushika mdomo wa mfuko, nikamtazamia ndani mpaka ukajaa.