Mkono Haujafika Sikioni

Andika hivi. Baba yangu alizaliwa Pangani, na mama yangu alizaliwa Moa, karibu na mpaka wa Kenya. Majina yao usiyaandike. Mimi huyataja katika dua, na huko yanatosha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepata kukalia dawati. Mimi nilizaliwa Tanga mjini, nami pia sikulikalia, wala sitaki msomaji anionee huruma kwa hilo. Huruma yake aiweke; huenda akaihitaji mwenyewe kabla sijamaliza kusema.

Zamani kwetu mtoto hakuandikishwa shule kwa kuulizwa miaka, maana miaka yake wengi hawakuijua. Aliambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya utosi, aguse sikio la kushoto. Vidole vikifika, aliingia darasani. Visipofika, alirudi nyumbani kucheza, na hakuna aliyemwita mjinga. Kaka yangu alirudishwa. Mwaka uliofuata mkono ulifika, akasoma mpaka akawa karani wa bandari. Mimi nami niligusa sikio, uani, peke yangu, wala hakuna aliyekuwa akinitazama. Nikapewa mwiko, nikapike. Hayo yamekwisha.

Nilipokuja Johannesburg wewe, mjukuu wangu unayeandika, ulikuwa na miaka minne. Baba yako, mwanangu, alinipokea kituo cha mabasi, akanileta hapa Berea, katika jengo hili ambalo lifti yake ilikwisha kufa zamani. Nilipoingia ndani nilidhani vyombo vinapigwa mnada. Kila kitu kilikuwa kimebandikwa karatasi nyeupe yenye maandishi meusi: friji, mlango, kiti, dirisha, hata kabati la vikombe.

"Ni maneno, Mama," mama yako akanieleza. "Ya Kiingereza. Mtoto wa bosi wangu ako na miaka mitatu na anasoma. Huyu wetu atabaki nyuma."

"Nyuma ya nani?"

"Ya wengine, Mama."

"Na hao wengine wanakwenda wapi?"

Alicheka, akidhani natania. Mama yako, kwa wasiomjua, ni mzaliwa wa Nairobi, na kazi yake ilikuwa kupokea wageni katika ofisi moja kule Sandton, mtaa wa matajiri. Kila jioni alirudi na habari za mtoto mwingine wa ajabu. Kwa masimulizi yake, watoto wa Sandton huzaliwa wamevaa miwani. Nawe, kabla hujaonja chakula, ulisimamishwa na soksi zako, ukagusa karatasi moja baada ya nyingine ukitaja Kiingereza chake, na wazazi wako wakapiga makofi. Kasuku naye hupigiwa makofi kwa kazi hiyo hiyo, ila yeye hulishwa kwanza.

Ulipotimiza mitano nilikupima, mkono juu ya utosi. Vidole viliishia kwenye nywele. Nikamwambia baba yako, "Huyu bado." Akanijibu, "Mama, huko ni zamani." Kama kwamba mikono ya watoto imerefuka tangu zamani.

Sasa andika habari ya karatasi, wala usicheke, maana mwandiko utapinda. Siku moja niliona zimeingia mafuta ya kupikia. Nikazibandua zote, nikasugua kuta na vyombo, nikazipangusa, nikazibandika tena. Kila kitu nilikipa karatasi moja. Sikudhulumu hata kiti.

Kesho yake mama yako alitembelewa na shoga yake wa Nairobi, anayefanya naye kazi. Chai ilikuwa haijamiminwa, ukaitwa uonyeshe elimu yako. Uliweka kidole kwenye karatasi ya friji, ukataja friji. Yule mgeni akainama, akatazama, akaangua kicheko.

"Dadangu, hapa mmeandika dirisha! Hii ndiyo dirisha ya kuweka maziwa?"

Ukaenda mlangoni, ukataja mlango. Palikuwa pameandikwa kabati. Kitini pameandikwa mlango. Ulizunguka nyumba nzima ukitaja vyombo kwa usahihi, na hakuna ulichosoma. Mgeni alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Alipoondoka, mama yako alinigeukia. "Mama, nani ameshika hizi karatasi?"

"Mimi. Zilikuwa chafu."

"Na mbona hukurudisha kila moja mahali pake?"

"Nimerudisha. Tazama, kuna kitu kimekosa?"

"Lakini si yake!"

"Ningejuaje? Ulikuwa ukimwuliza mtoto, hukuwa ukiniuliza mimi."

Sikuomba radhi, na leo siombi. Lakini lawama haikukosa pa kutua. Mama yako alikwenda kwa mwalimu wako wa chekechea, naye, badala ya kusema kwamba mtoto wa miaka mitano hana haja ya kusoma friji, akasema kosa ni lugha. Lugha nyingi zinamchanganya mtoto. Nyumbani aongeleshwe Kiingereza tu, ndipo atakaposoma mapema.

Baba yako ndiye aliyetumwa kuniambia. Alisimama mlangoni, viatu mkononi. "Ni kwa muda tu, Mama."

Kiingereza changu mimi kilikuwa ndiyo, hapana, samahani na bei gani. Kwa maneno hayo mtu hununua nyanya, halei mjukuu. Basi nikanyamaza. Nilikuogesha kimya, nikakusuka kimya, nikakupakulia kwa ishara kama bubu. Ukaanza kuniita Gogo, kama watoto wa jengo hili wanavyomwita kila mwanamke mzee. Neno Bibi likakutoka. Na kusoma, ndugu msomaji, hakukuja mapema. Hakukuja kabisa.

Ukafika mwaka wa Kombe la Dunia. Ulikuwa darasa la kwanza, na shule zilifungwa zaidi ya mwezi ili watu wakapulize mavuvuzela. Baba yako alikuwa mjini akiuza bendera, mama yako akaenda Sandton kama kawaida. Tukabaki wawili.

Asubuhi moja ya baridi nilikuwa nakaanga mandazi. Nikageuka kuchukua chujio, na nilipotazama tena, mkono wako ulikuwa ukielekea kwenye karai. Nikapiga kelele, "Moto! Acha!"

Ulinigeukia. Ukaniuliza, kwa Kiingereza, nimesema nini. Na mkono haukusimama.

Alama ile iko kidoleni mwako sasa hivi, hapo unapokazia kalamu. Niliukamata mkono, nikauweka chini ya bomba, nawe ukalia, nami nikasema. Nilisema yote niliyoyafungia kifuani: pole, mwanangu, moto huu, maji haya, nyamaza, nipo. Siku ile sikuomba ruhusa ya mwalimu. Siku zilizofuata niliongea mpaka koo likakauka. Nilikutajia vyungu, ndugu zangu, mvua za Tanga, na ulipokosea nilikucheka. Kabla shule hazijafunguliwa, Gogo ilikuwa imekufa na Bibi imefufuka.

Ilikuwa katika siku hizo hizo uliponiuliza, "Bibi, mlango unaandikwaje?"

"Mimi sijui. Sikiliza, uandike unachosikia."

Nikalitamka polepole, mara nyingi kuliko adhana, nawe ukabana ulimi kwa meno, ukaandika. Ukaibandika karatasi mlangoni. Halafu, bila kuambiwa, ukalisoma.

Jioni mama yako akaiona. "Mama, tulikubaliana."

"Mlikubaliana nyinyi. Tazama kidole cha mwanao. Nilimpigia kelele ya moto, hakujua moto ni nini. Hayo ndiyo masomo yenu."

Alikitazama kidole, akakaa kwenye kiti. Baadaye akatoa kalamu kwenye mkoba. "Amekosea. Ameandika mlago."

Ukasimama mbele ya mlango na mikono umeitanua. "Usiguse, Mama. Ni ya Bibi."

Hakugusa. Mwaka uliofuata ulisoma Kiingereza chao chote kwa mkupuo, kama watoto wengine wote, wa Sandton na wasio wa Sandton, na hakuna aliyekuuliza ulianza lini.

Ungedhani wamejifunza. Mdogo wako ana miaka miwili, na juzi mama yako amemletea kioo cha kugusa kwa kidole, kinachoimba herufi. Miaka miwili! Mtoto hajui kupenga kamasi.

Basi weka haya. Weka ile karatasi ya mlangoni, na herufi iliyopungua isiongezwe. Kile kioo kikiharibika, usimwambie mtu awezaye kukitengeneza. Mdogo wako usimpime kwa watoto wa ofisini; mpitishie mkono juu ya utosi, na usipofika, mwache akacheze. Nikiondoka, katika nyumba hii utabaki wewe wa kumsemesha Kiswahili. Msemeshe. Anza na neno moto, uhakikishe amelielewa, kabla mkono wake haujafika jikoni.