Kikombe cha Mafundi

Uongo wenyewe haukuwa hata uongo, kama unataka kumtetea binti huyu. Siku yake ya kwanza kazini, kwenye duka la kukodisha magauni ya harusi, mwenye duka alitaka kujua mume wake anafanya kazi gani. Huyo mwenye duka kila mtu alimwita Madamu, hata waliomzidi umri. Binti akajibu, "Anashughulika na mambo ya maji." Madamu akadakia, "Ah, injinia!" Binti akainama kuokota pini zilizoanguka sakafuni. Pini zilikuwa tatu tu, lakini aliziokota kwa muda wa kuokota mia. Alipoinuka, alikuwa ameshakuwa mke wa injinia.

Mumewe alikuwa mzibua mabomba. Vyoo, masinki, chemba za maji machafu, popote mji ulipokabwa koo yeye ndiye aliyeitwa. Alikuwa na waya mrefu wa chuma uliojikunja ndani ya ndoo, buti za mpira zinazofika magotini, ovaroli ya bluu, na mluzi. Mluzi ulikuwa wa wimbo mmoja tu, na hata huo mmoja hakuwahi kuufikisha mwisho. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mkewe naye alimwita hivyo hivyo, ila yeye alivuta ile sauti ya mwisho kidogo, kwa mapenzi.

Ndoa ilikuwa na miezi minne. Walikaa chumba kimoja ghorofa ya tatu, chenye kitanda, meza, na dirisha lililotazama dirisha la watu wengine. Juu ya meza zilipangwa glasi sita za zawadi ya harusi, zenye mstari wa dhahabu mdomoni. Mke alitaka ziwekwe kwa ajili ya wageni. Fundi akakataa. "Tulipewa tunywe au tuzitazame?" Basi kila jioni mume alirudi, akaenda kuoga kwa sabuni na limau, kisha akaja kumnyooshea mkewe vidole vyote kumi chini ya pua. "Nusa. Bado?" Mke akajifanya anazimia. "Bado! Rudi ukaoge." Wakacheka, akamimina maji kwenye glasi ya dhahabu, Fundi akayanywa yote bila kupumua. Huo ndio uliokuwa utajiri wao, na haukuwa mdogo.

Ila kazini hakuna aliyejua. Kule walimwita Bibi Arusi, kwa kuwa alikuwa ameolewa juzi tu na kwa kuwa Madamu alipenda kumvisha magauni ili wateja waone yanavyokaa mwilini. Harusi yake ilikuwa imefanyika kwao, mbali, kabla hajapata kazi hiyo, kwa hiyo wenzake hawakumwona bwana harusi. Walipoomba picha aliwaonyesha zile alizosimama peke yake, wakadhani ni maringo. Fundi alipomwambia, "Ipo siku nitapita nikusalimie kazini," alijibu haraka haraka kwamba Madamu hapendi wageni. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kufanya kazi dukani kwa Madamu.

Sasa sikiliza jambo la pasi. Siku moja alikuwa akinyoosha shela, lile vazi jepesi la kichwani kwa bibi harusi, mawazo yake yakaenda matembezini. Pasi ikakaa mahali pamoja kidogo tu, na kidogo hicho kilitosha. Aliponyanyua mkono, pembeni mwa shela palikuwa na alama ya kahawia yenye ncha. Mshonaji wa duka, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa ameenda kula. Bibi Arusi akachukua mkasi, akakata kipande kilichoungua, akapinda ukingo upya. Kipande chenyewe akakitupa chooni, akavuta maji.

Jioni alimlilia mumewe kwamba ameunguza shela. Hilo la choo hakulisema. Fundi akamfuta machozi kwa kidole gumba. "Kesho mwambie bosi wako. Kosa likilala, asubuhi linaamka limeota mkia." Kesho yake Fundi akauliza kabla hata ya kuvua buti, "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Kasema nisirudie."

"Unaona? Huyo ni mtu mwema," alisema Fundi, akafurahi kwa niaba yake mpaka mke akaisukuma sahani kando.

Zikapita siku nane. Siku ya tisa choo cha duka kikatapika. Maji yalitoka mlangoni yakaanza kutambaa kuelekea chumba cha kujaribia nguo, ambako mteja alikuwa amesimama na gauni jeupe mwilini na mama yake pembeni. Madamu akapiga kelele magauni yote yanyanyuliwe. Mshonaji akapanda juu ya kiti na kuanza kusali. Madamu akampigia mwenye jengo, mwenye jengo akampigia mtu wake, na baada ya nusu saa kengele ya mlango wa mbele ikalia.

Bibi Arusi ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Akafungua.

Mumewe alikuwa amesimama kizingitini na ndoo yake. Buti alikuwa amezifuta. Nywele alikuwa amezilowesha maji na kuzilaza. Alipopewa anwani alijua ni wapi, na njia nzima alikuwa akiitafakari furaha ya mkewe atakapomwona. Meno yote yalikuwa nje. "Habari za kazi?" akasema, kwa sauti ya mtu mwenye siri nzuri.

Nyuma yake Bibi Arusi alisikia viatu vya Madamu vikija. Alimwona yule mteja na mama yake wakigeuza shingo. Akaiona ovaroli, akaiona ndoo. Na mdomo wake, ambao hakuna aliyeuvuta kwa koleo, ukasema:

"Mafundi wanapita nyuma, kaka."

Fundi alimtazama. Tabasamu lilibaki usoni pake kidogo, mithili ya mgeni ambaye hajaambiwa akae wala aondoke. Kisha akalitoa.

"Samahani, dada," akasema, akazunguka jengo na ndoo yake. Mluzi haukusikika.

Alifanya kazi zaidi ya saa nzima. Bibi Arusi alisikia waya ukikwaruza ndani ya bomba, na kila ulipokwaruza alihisi unapita tumboni mwake. Alijiambia atatoka sasa hivi, atamwambia Madamu huyu ni mume wangu. Akakunja gauni. Akalikunjua, akalikunja tena. Aibu ya kusema ilikuwa mbele, aibu ya kunyamaza ilikuwa nyuma, naye alisimama katikati akikunja nguo za watu.

"Bibi Arusi!" Madamu akaita. "Mpelekee fundi maji ya kunywa. Kikombe cha mafundi kiko chini ya sinki."

Kilikuwa kikombe cha plastiki cha njano, kilichotafunwatafunwa ukingoni, kikikaa kando ya sabuni ya unga na brashi ya choo. Kabati la juu lilikuwa na vikombe vya udongo vyenye maua. Mkono wake ulielekea juu kidogo, kisha ukashuka. Akajaza kile cha njano, akakipeleka uani.

Fundi alikuwa amepiga magoti kando ya chemba, mikono imechafuka hadi viwiko. Akakipokea kikombe bila kuinua macho. Akanywa. "Asante, dada." Hapo hapakuwa na mtu mwingine. Angeweza kumwita jina lolote la nyumbani. Mke akafungua mdomo, lakini Madamu akatokea mlangoni na viatu vyake.

"Umekuta nini humo? Niambie ukweli. Hawa nimewaonya, nikimkamata anayetupa vitambaa chooni, siku hiyo hiyo ataondoka."

Fundi alisita kidogo sana. "Mizizi, Madamu. Ya mti wa huko kwa jirani. Imepenya kwenye ufa wa bomba. Nimeikata. Kesho asubuhi nitarudi niuzibe ufa kwa saruji."

"Mizizi!" Madamu akasema, na kuanza kumlaani jirani. Bibi Arusi akashusha pumzi na kuishukuru mizizi kwa moyo wote. Ndiyo, aliishukuru. Mtu akiwa na hofu ya kugunduliwa, huamini hata mti.

Jioni Fundi alirudi kwa wakati wake. Alioga, akaoga muda mrefu. Mke alikaa kitandani akisubiri vidole. Vidole havikuja. Mume alikaa mezani, akaitegemeza mikono yake magotini, chini ya meza. Mke akainuka upesi, akachagua glasi ambayo mstari wake wa dhahabu ulikuwa bado mzima, akamimina maji, akamwekea.

"Asante, dada," alisema Fundi.

Wote wawili walilisikia. Hakulisema kwa kumchoma, na hilo ndilo lililochoma. Ulimi ulikuwa umechoka tu, ukarudia ulichokisema mchana. "Lo! Ulimi huu," Fundi akasema, akacheka. Alicheka peke yake.

Mke akachukua ovaroli ailoweke, apate pa kuuficha uso. Kama kawaida alipekua mifuko kwanza, maana mumewe alizoea kusahau misumari humo. Mfuko wa kushoto ulikuwa na skrubu mbili. Wa kulia ulikuwa na kitambaa kilichosuuzwa kikakunjwa vizuri. Akakikunjua. Kilikuwa kipande cha shela, na pembeni ilikuwapo ile alama ya kahawia yenye ncha.

Aliona joto likipanda kutoka shingoni hadi masikioni. Alitamani sakafu ya ghorofa ya tatu ipasuke, apite kwa watu wa ghorofa ya pili na ya kwanza mpaka ardhini. Akasimama mbele ya mumewe na kitambaa mkononi.

"Ulikijua?"

"Pasi yako niliijua. Uliniambia mwenyewe."

"Mbona hukumwambia Madamu?"

"Ningemwambia nini? Kwamba ni cha mke wangu? Halafu akiniuliza mke wangu nani?"

Hakuwa amepandisha sauti. Laiti angepandisha! Mke angepata pa kuanzia, angejibu, angelia, wangegombana kama watu wengine. Akasema polepole, "Nilikudanganya. Sikumwambia bosi chochote."

"Nimeona."

"Na pale mlangoni..."

"Pale ni kazini kwako," Fundi akasema. "Mafundi hupita nyuma kila mahali, mke wangu. Mimi nimezoea."

Hilo la kuzoea ndilo alilolala nalo. Miezi minne alikuwa akimwuliza mumewe leo umekula nini, leo umechoka kiasi gani, na hata siku moja hakuwahi kumwuliza leo umepita mlango gani.

Asubuhi alifika dukani kabla ya wote isipokuwa Madamu, ambaye alikuwa mezani akinywa chai. Mshonaji aliingia nyuma yake akiwa bado anafungua kanga. Bibi Arusi hakusubiri. Aliweka kipande cha shela juu ya meza.

"Niliunguza mimi, nikakikata, nikakitupa chooni. Hapakuwa na mizizi. Na yule fundi wa jana ni mume wangu."

Chai ya Madamu ilibaki hewani. Alitazama kitambaa, akamtazama yeye, na ajabu ni kwamba kitambaa hakikumshughulisha sana. "Yule? Na injinia je?"

"Hakuna injinia."

Mshonaji akavua miwani yake akaipangusa, japo haikuwa na vumbi.

"Pasi hutaigusa tena," Madamu akasema mwishowe. "Utakaa na ndoo na ufagio mpaka nitakaposema. Lakini wewe binti." Akatikisa kichwa, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekosewa adabu. "Ungenong'ona tu jana. Neno moja. Ningempa kiti mumeo. Mimi nimempa mume wa mtu maji kwenye kile kikombe, mbele ya mkewe, na mkewe ndiye mpelekaji!"

Bibi Arusi alikuwa amejiandaa kwa kufukuzwa, hakujiandaa kwa hilo. Kumbe kiti kilikuwepo. Siku zote kilikuwepo, na aliyemnyima mumewe ni yeye.

Akaenda kusimama mlango wa mbele. Aliufungua wazi kabisa, akauwekea tofali usijifunge. Kutoka kabati la juu alikuwa ameomba kikombe kimoja chenye maua, Madamu akamruhusu kwa mkono. Alikishika kwa mikono yote miwili, akaangalia barabara. Watu walipita wakienda kazini kwao. Kila ovaroli ya bluu iliyotokea kwenye kona ilimrusha moyo, na kila moja ilipita. Maneno aliyaweka tayari: karibu, mume wangu, pita hapa. Aliyarudia kimoyomoyo mpaka yakaanza kupoteza maana.

Muda ukaenda. Mshonaji akaja nyuma yake akamgusa bega.

"Unamngoja nani hapa, mwanangu? Fundi ameshafika zamani. Amepita nyuma. Nimeshampa na maji," akasema, akiwa na fahari ya mtu aliyetenda wema, "kwenye kikombe chake kile."

Bibi Arusi alipita katikati ya duka, kati ya magauni meupe, hadi uani. Fundi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa chemba. Saruji ilikuwa mbichi, mwiko uko kando, na kikombe cha njano kilikuwa mkononi, kimebaki nusu. Mke akakiweka kile chenye maua chini, akakaa pembeni yake juu ya saruji kavu na sketi yake ya kazini, wakati Madamu na Mshonaji wakiwatazama kutoka mlangoni.

"Nipe na mimi," akasema.

"Hiki ni cha mafundi."

"Najua, mume wangu."

Alilisema kwa sauti ya kufika mlangoni. Fundi akamtazama kidogo, akampa, mke akapokea. Akanywa. Maji yalikuwa na ladha ya sabuni ya unga, na ukingo uliotafunwa ulimkwaruza mdomo. Jana, alipokuwa akikijaza, hakuwa amefikiria hata kukisuuza.