Kikohozi Chini ya Miti ya Rughenda

Watu wa Butembo walimjua Kanyere kwa viazi vyake sokoni. Waliomjua zaidi walijua pia kwamba ndiye aliyeongoza tawi la Wasikilizi, dini ya watu wanaoamini kuwa ardhi ina neno na kila mmoja wetu. Wenzao wa Kamango, makao makuu ya dini hiyo, huimba. Wa Butembo walikuwa hawaimbi: walipanda kilima juu ya mtaa wa Rughenda asubuhi, ukungu ukiwa bado mzito, wakalala kifudifudi kati ya miti, sikio udongoni, kimya. Miaka yote hiyo Kanyere alikuwa akisikia maji tu, yakipita mbali chini. Yalimtosha.

Vita vilipofika, kamanda mmoja alipanda na askari wenye mashoka. Alitaka mbao za kambi. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye kikohozi kikavu kisichomwachia.

"Commandant, sheria yetu ni moja," Kanyere alimwambia. "Mwenye kutaka kukata muti, anasikilizaka kwanza."

Askari wakacheka. Kamanda naye akacheka, akavua kofia, akalala. Kicheko kikamkatika.

"Mama, mulizika nani hapa?"

"Hatukuzikaka mutu hapa, Commandant. Hata mumoja."

"Lakini kuko mutu anakohoa. Anakohoa sawa miye."

Akainuka, tope shavuni, asilipanguse. Akawashusha watu wake kilimani bila kukata hata tawi.

Haukupita muda gari lake likashambuliwa njia ya Beni, akauawa, akazikwa kando ya barabara. Kanyere alikuwa hajapata habari hiyo alipolaza sikio akasikia, chini kabisa, mtu akikohoa. Akamgeukia wifi yake Rébecca aliyelala karibu.

"Na weye unasikia?"

Rébecca alinyanyuka, akakimbia bila viatu.

Habari ya kifo ilipoenea, karibu Wasikilizi wote wa Butembo walirudi kanisani. Kanyere akabaki akipanda peke yake, na kila mara kikohozi kilikuwa karibu zaidi, hata akakihisi shavuni.

"Unataka nini, mutoto yangu?"

Kikanyamaza, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kusema. Ukimya huo ulimtisha kuliko sauti.

Alipanda lori la mboga hadi upande wa Beni, akauliza njiani mpaka wanawake wakamwonyesha kaburi la kamanda, tuta la udongo lisilo na msalaba. Akafunga udongo kidogo kwenye kitenge, akarudi kuumwaga kilimani, pale kijana alipolaza sikio. Kikohozi hakikurudi.

Wakuu wa Kamango walituma mjumbe kumkemea: wafu wa vita hawapelekwi kwa Wasikilizi. Kanyere alimpa chakula, akamsikiliza, hakubishana.

Aliyefuata kupanda kilima alikuwa Rébecca, na kopo la udongo wa kaburi la mwanawe aliyeuawa mbali. Baada yake wakaja mama wengine, hata Waislamu wawili wa Beni. Kanyere aliwapokea wote. Ila kabla ya kumwaga chochote, alilaza kwanza sikio juu ya kopo, na wakati mwingine alichokisikia kilimbadilisha uso, akawaomba akina mama wasogee nyuma, wasikisikie.