Koili ya Shemeji

Kwenye karakana ya redio walimwita Bi Mizani, kwa kuwa hakuamini kitu mpaka akipime mara mbili. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa meza ya jirani, na utani wao haukuwa na likizo.

"Shemeji, hii chai umeipima?"

"Kunywa, acha maneno."

Bosi alitaka koili bapa, ile inayochorwa kwa shaba juu ya bodi yenyewe, tena inayorekebishika ili redio ishike stesheni vizuri. Kila mmoja akabuni yake. Ya Bi Mizani ilikuwa na viswichi vya kuongeza na kupunguza mizunguko ya shaba. Ya shemeji ilikuwa na kipande cha feraiti, kile kijiwe cheusi cha ndani ya redio, kinachosogezwa juu yake kwa skrubu. Kitu rahisi, kizuri mpaka kinaudhi. Kazi ya kupima zote mbili akapewa Bi Mizani, maana nani angemtilia shaka?

Yake aliipimia kwenye meza ya mbao, akaiacha hapo na nyaya zake. Ya shemeji akaipimia meza ya pembeni, iliyotandikwa mpira. Ikafanya vibaya. Akarudia palepale, ikafanya vibaya vilevile. Shemeji alisimama mlangoni, akatazama, akaenda zake. Bosi akachagua viswichi.

Tangu hapo shemeji akawa mtu wa salamu za kukatakata. Mwisho akaacha kazi, akafungua kibanda cha kutengeneza simu, na nyumbani kwa Bi Mizani akawa haji hata akialikwa. Mumewe alisema ni wivu tu. Bi Mizani akalikubali neno hilo, maana lilimfaa.

Miaka ikapita. Siku moja ule mpira wa meza ya pembeni ulichanika, akaona chini yake bati la chuma. Chuma kikikaa chini ya koili huinyonya nguvu, na hilo alilijua tangu chuoni. Akaitafuta bodi ya shemeji kabatini, akaipimia kwenye mbao. Iliishinda yake kwa mbali.

Akaenda kibandani moja kwa moja.

"Shemeji, nilikuonea. Ile meza ina chuma chini. Haki ya Mungu, sikujua."

Shemeji aliweka bisibisi chini. "Hukujua?"

"Sikujua."

"Mpira ule niliutandika mimi, juu ya chuma hichohicho. Nilidhani unajua, wewe unayepima kila kitu mara mbili, umeamua tu kunimaliza."

"Sasa mbona hukusema? Hata kwa kaka yako?"

"Ningemwambia kaka, nyumba yenu ingesimama?"

Bi Mizani alikaa kwenye benchi la wateja, akalia mbele za watu.